Mwache Afike Kwenye Kitenzi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Idara ya Lugha za Kigeni, Mratibu wetu wa Mafunzo ya Walimu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Barua yake ya kustaafu inamtaja kwa jina lake kamili na namba ya utumishi. Sisi wengine, kuanzia mkuu wa idara hadi mlinzi wa lango la nyuma, tunamwita Bi Afike, na kwa ruhusa yake ndivyo atakavyoitwa katika wasifu huu.

Ni vizuri kusema mapema kwamba wasifu huu umeandikwa na karani wa idara, na utasomwa na walimu wa lugha, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutafuta makosa. Rasimu ya kwanza ilikaa mezani wiki nzima ikiogopa kutoka. Bi Afike alipopita ofisini na kuiona, alisema tu kwamba mtu huandika kwanza mpaka mwisho, halafu ndipo huogopa. Basi na tuandike.

Alianza kazi hapa akiwa msaidizi wa ufundishaji wa Kifaransa, binti mwembamba mwenye viatu vya visigino ambavyo vilisikika tangu ngazini. Wanafunzi wa wakati huo, ambao baadhi yao sasa ni walimu wenzake, wanakumbuka kwamba hakuwa Bi Afike. Jina lake lilikuwa Mkasi. Mwanafunzi alikuwa hajamaliza hata maneno matatu, Mkasi ameshakata: hilo ni la kike, hicho kitenzi si hivyo, rudia. Mmoja wao, leo mwalimu wa Kihispania na mcheshi wa idara, anapenda kusimulia kwamba alisoma Kifaransa kwa Mkasi mwaka mzima na hakuwahi kujua sentensi zake zingeishia wapi.

Mkasi ulipotelea ng'ambo. Katika mwaka wake wa tano kazini, idara ilimpeleka kwenye kozi ya walimu wa lugha kutoka nchi mbalimbali. Waandaaji wa kozi ile walikuwa na sharti moja la ajabu: kila mwalimu, hata awe bingwa kiasi gani wa lugha anayoifundisha, aanze kujifunza lugha nyingine asiyoijua kabisa, ili akumbuke ujinga una ladha gani. Yeye alipangiwa Kijerumani.

Siku moja mwalimu wa darasa lile alimwomba aseme jambo lolote kuhusu familia yake. Alikuwa amevaa nguo ambayo mama yake, fundi cherehani, alimshonea kwa safari ile, na akaona hilo ndilo jambo la kusema. Kwa wasiokijua Kijerumani ni lazima tueleze kidogo: sentensi ya aina aliyoichagua huweka kitenzi mwisho kabisa, baada ya kila kitu kingine. Kwa hiyo alianza kusema kwamba hii ni nguo ambayo mama yangu, kwa ajili ya safari yangu, kwa mkono wake mwenyewe, na kabla hajafika kwenye kushona, mwalimu akamkatiza. Neno la nguo halikuwa na jinsia sahihi. Akaanza upya. Akakatizwa kwenye safari. Akaanza tena. Akakatizwa kwenye mkono. Mara ya mwisho machozi yalimlenga, akakaa.

Wenzake darasani waliyaunganisha waliyoyasikia: mama, safari, mkono wake mwenyewe, nguo, na machozi. Wakaamua kwamba mama yake amefariki na ile ndiyo nguo ya mwisho aliyomwachia.

Kesho yake alikuta juu ya kiti chake maua na kadi ya rambirambi yenye sahihi za darasa zima. Mwalimu aliyemkatiza alikuja kumbebea mkoba. Alipofungua mdomo aeleze, wakamkatiza tena, safari hii kwa kumkumbatia. Mpaka kozi inakwisha alikuwa amefiwa, na mama yake yupo nyumbani anashona sare za shule.

Mama mwenyewe alipopelekewa habari hizo alicheka mpaka akaiacha cherehani. Anasemekana kuuliza, "Mwanangu, yaani umenizika kwa kukosa neno moja?" Kisha akataka kujua maua yenyewe yalikuwa ya namna gani, maana kama ni mabaya angekasirika.

Bi Afike naye amekuwa akikisimulia kisa hiki kwa kicheko kwa miaka yote, na kila mwalimu mpya hukisikia katika wiki ya kwanza. Lakini wanaomjua vizuri wanajua pia kwamba hakukigusa tena Kijerumani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alijifunza Kireno cha kujikimu, Kiarabu cha sokoni, na Kichina cha kutosha kumchekesha mwalimu wa Kichina. Kijerumani, la.

Aliporudi, wanafunzi walishangaa. Mkasi alikuwa anasikiliza. Mwanafunzi alijikwaa, akasimama, akatazama dari, akarudi nyuma, na mwalimu amekaa tu, mikono mapajani. Walimu waliokuja kutazama vipindi vyake walikuwa wakiinua vidole wasahihishe, na yeye alikuwa akiwazuia kwa maneno mawili: mwache afike. Ndiyo asili ya jina. Leo maneno hayo yametoka darasani. Mkuu wa idara anapotaka kumkatiza mtu kikaoni, kuna atakayenong'ona mwache afike. Dereva wa idara huwaambia hivyo wapigao honi nyuma ya mwanafunzi wa udereva. Mahali pekee ambapo sera hii haijafika ni nyumbani kwake. Shemeji yetu, mumewe, fundi wa majokofu na mtu wa maneno machache, aliwahi kulalamika mbele yetu kwamba anasikia huko kazini watu wanaachwa wafike, ila yeye kwake huishia katikati.

Alipopewa uratibu wa mafunzo ya walimu, wengi tulitarajia semina: mgeni, maikrofoni, vitafunio, cheti. Hakuondoa vyeti, maana alijua watu wana faili za kujaza. Lakini alifungua chumba cha mwisho wa korido, chenye viti vya kibao cha kuandikia ambavyo mtu mzima huvikalia kwa kujikunja, akaanzisha Kikao cha Jumatano. Utaratibu haujabadilika tangu siku ya kwanza. Mwalimu mmoja hufundisha wenzake lugha yake kama vile hawajui hata salamu, kwa sababu kweli hawajui. Mwalimu mwingine hukalia kiti cha mbele na kulazimika kuzungumza. Baadaye wote hujadili jambo moja tu: aliyekuwa kitini alijisikiaje.

Kinyozi hajinyoi, na mwalimu wa lugha hasahau kitu upesi kama alivyokuwa siku yake ya kwanza darasani. Kwenye kiti kile tumewaona maprofesa wakitokwa jasho kwa kuulizwa saa ngapi. Mwalimu wa Kiarabu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, alikalia kiti cha Kichina akasema kwa sauti ya kifaranga. Alipotoka alikiri kwamba sasa amejua kwa nini nusu ya darasa lake hukaa nyuma.

Katika miaka ya redio za kaseti alikuwa pia na mtindo wa kuwarekodi walimu na kuwapa kanda wajisikilize wenyewe nyumbani. Mwalimu wa Kihispania tuliyemtaja alirudisha yake kesho yake asubuhi akasema ameisikiliza yote, na kwamba katika kipindi chake kizima cha mazungumzo mwanafunzi mmoja alikohoa. Tangu hapo amepunguza maneno, darasani angalau.

Akikaa nyuma ya darasa kutazama kipindi, haandiki ripoti. Humwachia mwalimu kikaratasi chenye swali moja. Yule wa dirishani alitaka kusema nini? Ulipocheka, nani hakucheka? Walimu wamewahi kukosa usingizi zaidi kwa vikaratasi hivyo kuliko kwa barua ya onyo. Ni yeye pia aliyeibana kamati ya mitihani mpaka ikakubali kwamba katika mtihani wa kuzungumza mtahini akae kimya kwanza na kumwacha mtahiniwa amalize wazo lake. Vyuo jirani vimeiga. Kimoja kilituma watu kuja kutazama viti vyetu, wakavipima kwa futi, kana kwamba siri iko kwenye mbao.

Si wote waliokubali, na wasifu wa kweli haufichi hilo. Mwalimu mwandamizi wa Kijerumani, ambaye wanafunzi humwita Nukta kwa sababu akisema amemaliza, hakukanyaga Kikao cha Jumatano kwa miaka mingi. Hoja yake ilikuwa nzito na aliitoa hadharani: samaki mkunje angali mbichi, kosa lisiposahihishwa likiwa changa huota mizizi. Wanafunzi wake huandika Kijerumani safi kuliko wote, na Bi Afike ndiye wa kwanza kulisema. Alimjibu mara moja tu, kwenye mkutano wa idara, kwamba ni kweli, ila samaki hakunjwi akiwa bado majini, kwanza atoke. Watu walicheka. Nukta alitabasamu upande mmoja, akaenda zake.

Mwaka jana mwanawe Nukta alioa mbali, kwa watu wanaosema Kireno. Jambo hili lilimletea Nukta taabu ambayo Kijerumani hakikuweza kuitatua: wakwe. Mtu wa heshima zake hawezi kuwapigia wakwe simu akaguna. Jumatano moja, bila kumwambia mtu, alikuja akajikunja kwenye kiti cha mbele na kumwomba mwalimu wa Kireno, msichana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, amfundishe kuwakaribisha wakwe. Alijitahidi. Alikwama katikati ya neno la karibu. Mwalimu wa Kireno, kwa mazoea aliyoyapata kwa Nukta mwenyewe, alifungua mdomo amsahihishe, na kutoka nyuma Bi Afike akasema kwa upole, mwache afike.

Akafika. Alichelewa, alitoa jasho, lakini wakwe walikaribishwa. Jumatano iliyofuata alirudi. Wanafunzi wake wakaanza kuambiana korido nzima kwamba Nukta amegeuka mkato: siku hizi anapumzika kidogo, halafu anakuacha uendelee.

Hapo ndipo tulipofikia muhula huu, na ni lazima tuseme kilichokuwa hatarini. Baraza la kitivo liliamua kwamba Bi Afike akiondoka, Kikao cha Jumatano kitaendelea endapo tu mwalimu mwandamizi atakubali kukiongoza. Asipopatikana kufikia mwisho wa muhula, walimu watapata mafunzo kwa mihadhara ya mtandaoni inayonunuliwa nje, na chumba cha mwisho wa korido kitakuwa stoo ya karatasi za mitihani. Vijana walijitolea, lakini si waandamizi. Waandamizi walisifu sana. Mmoja ana kitabu anachokimalizia. Mwingine daktari amemkataza kujikunja. Wa tatu alisema kiatu cha Bi Afike hakimtoshi mtu, na alilisema kwa uzuri kiasi kwamba ilichukua muda kugundua kuwa amekataa.

Bi Afike hakumbembeleza yeyote. Alisema kitu cha kujifunza hakipewi mtu asiyekitaka. Hata hivyo, alianza kukaa chumbani mle peke yake wakati wa chakula, akifuta vibao vya viti ambavyo havikuwa na vumbi. Karani, ambaye ndiye mwenye funguo, alikuwa ameshaagizwa kuchukua vipimo vya rafu. Alivichukua. Alipima asubuhi sana ili asikutwe, na akakutwa. Bi Afike alimshikia ncha ya pili ya futi.

Jumatano ya wiki iliyopita ilikuwa ya mwisho kwake. Chumba kilijaa mpaka waliochelewa wakasimama mlangoni. Ilitangazwa kwamba mratibu mwenyewe ndiye atakayekalia kiti cha mbele, na kila mtu alifikiri atachagua Kichina tucheke mara ya mwisho. Akakaa, akakunja mikono, akasema anaomba Kijerumani. Kwa hiyo mwalimu alikuwa Nukta.

Nukta alisimama ubaoni na chaki mkononi. Hakuuliza saa wala siku. Alimwomba aseme jambo lolote kuhusu familia yake.

Sentensi yenyewe haiandikwi hapa kwa Kijerumani, kwa sababu karani hana uhakika na maneno, na wasomaji wana uhakika mno. Ila wote tuliitambua. Alianza na nguo, na hata sisi tusiojua tulisikia mwalimu wa Kihispania akivuta pumzi, maana jinsia ilikuwa bado ileile mbaya ya miaka ile. Mkono wa Nukta ulipanda na chaki. Ukasimama hewani. Ukashuka. Akaendelea mama yake. Akaendelea kwa ajili ya safari yake, na hapo palikuwa na kosa jingine, kubwa, tulilooneshwa baadaye. Nukta aliiweka chaki kwenye ukingo wa ubao na kuitia mikono yote miwili mifukoni, kama mtu anayejizuia kukuna upele. Kwa mkono wake mwenyewe. Bi Afike alitazama dari. Akatazama vidole vyake. Hakuna aliyekohoa. Mle ndani palikuwa na walimu wa lugha saba, kila mmoja analijua lile neno au analikisia, na hakuna aliyempa.

Akalipata. Alishona.

Watu walitaka kupiga makofi, lakini Nukta alikuwa bado hajamaliza. Hakusema sahihi, hakusema kosa. Aliuliza, kwa Kijerumani cha polepole sana, nguo hiyo ilikuwa ya rangi gani. Bi Afike akacheka, akajibu kwamba ilikuwa ya kijani. Na mifuko je, ilikuwa nayo? Ilikuwa nayo miwili. Wakaendelea hivyo, mtu na mtu wakizungumza habari za nguo, mpaka wengine tukasahau kwamba lile lilikuwa somo.

Mwishoni Nukta alifuta ubao, ambao haukuwa na kitu, akageuka na kuuliza kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, "Haya, Jumatano ijayo nani anakaa?" Hatukuelewa mara moja. Mwalimu wa Kihispania ndiye aliyeelewa kwanza, akasema, "Anakaa yule mwenye kitabu," na chumba kizima kikaangua kicheko, mwenye kitabu akiwemo. Asubuhi yake barua ya Nukta ya kukubali kuongoza Kikao ilikuwa mezani kwa mkuu wa idara. Ilikuwa na sentensi moja na nukta moja. Vipimo vya rafu vimetupwa.

Nukta aliulizwa na walimu vijana kama atasahihisha makosa au hatasahihisha. Alijibu kwamba atasahihisha, tena sana, ila baada ya kitenzi. Bi Afike alipopelekewa jibu hilo alisema hajawahi kuomba zaidi ya hapo.

Anaondoka akiwa na afya, mume anayesubiri zamu yake ya kumaliza sentensi, watoto watatu na mjukuu mmoja anayeanza kusema. Anasema huyo ndiye mwanafunzi wake wa sasa, na kwamba hana haraka naye. Mama yake, yule aliyezikwa ng'ambo kwa kukosa neno moja, yupo hai, ni bibi wa miaka themanini na kitu, na leo, kwenye hafla ya kumuaga binti yake, atakuwa mstari wa mbele. Wenye nia ya kumpa pole tunawaomba wajizuie. Macho yake yamepungua, kwa hiyo uzi anatungiwa na vitukuu wa jirani, lakini mkono bado ni uleule.

Kwa niaba ya walimu uliowakalisha, wanafunzi waliofika kwa sababu yako bila kukujua, na makarani waliokushikia funguo, tunakushukuru, Bi Afike. Upumzike vizuri, uishi kwa raha na wako, na popote utakapoanza kusema, upate wa kukusubiri. Chumba kiko wazi kila Jumatano. Na imekupendeza nguo hiyo ya kijani uliyovaa leo, ambayo mama yako, kwa ajili ya siku hii, kwa mkono wake mwenyewe, bila kukatizwa na mtu, ameishona.